Kobe Mwenye Chapa ya Baba

Jumapili, tarehe kumi na sita, mwezi wa kumi na moja. Mvua imenyesha toka alfajiri mpaka saa nne, ikakatika ghafla, jua likatoka kali kama vile halikuwa na habari. Udongo mweusi wa hapa Somanda, Bariadi, ulikuwa unanata kwenye ndala, kila hatua unainua mguu mzito.

Nilikuwa natoka kanisani na binti yangu, nikakuta watu wamezunguka kitu pale bodaboda wanapoegesha. Nilidhani ajali. Kumbe kobe, mkubwa, mgongo wa madoa meusi na njano, amejaa tope mpaka shingoni, anataka kuvuka barabara na watu wamemzibia njia. Sijui nilifanyaje, nilijikuta nimepiga magoti na kitenge changu cha Jumapili.

"Mama, usimshike huyo," kijana mmoja akaniambia akiwa juu ya pikipiki yake. "Maliasili wakikukuta naye, unalala ndani."

"Simchukui. Namwangalia tu."

"Unamwangalia nini, kakutoroka nyumbani?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao kidogo, kwa sababu hakuwa amekosea sana. Nilifuta tope kwenye ukingo wa gamba, upande wa nyuma kushoto. Nilikuwa natafuta tundu dogo, na karibu yake mistari miwili na nukta chini. Hapakuwa na kitu. Nadhani nilisema "sio yeye" kwa sauti, maana binti yangu aliniuliza, "Sio nani, mama?" Tukasogeza watu, kobe akavuka, akaingia kwenye majani upande wa pili.

Basi nimekaa na daftari. Mimi nimesoma mpaka la saba tu, na sijui kama mambo haya yanaandikwa hivi. Nitajaribu kusema yalivyokuwa, na pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika.

Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi. Kwetu kulikuwa upande wa Mwandoya, mwendo wa saa nzima kwa miguu toka senta, boma limezungushiwa uzio wa minyaa. Mwaka huo mvua iligoma. Lambo la kunyweshea mifugo likakauka, likabaki tope, halafu tope nalo likapasuka. Watu wengine walishahamisha ng'ombe zao kwenda kusini, upande wa Katavi, walikosema kuna maji na majani. Baba akaamua kuwafuata. Wataondoka yeye, mama, na wadogo zangu watatu. Mimi nitabaki na shangazi, dada yake baba, nisome.

Hilo neno "nisome" sikuliamini. Miezi michache nyuma nilikuwa nachunga ndama, usingizi ukanichukua, ndama mmoja akaingia kwenye pamba ya jirani iliyokuwa imepigwa dawa siku hiyohiyo. Akala. Jioni alikuwa amelala ubavu, mapovu mdomoni. Baba hakunipiga. Alimwangalia ndama, akaniangalia mimi, akaingia ndani. Angenipiga ingekuwa imekwisha. Kwa hiyo niliposikia wote wanakwenda na mimi nabaki, nilijua sababu: safari ya ng'ombe haitaki mtu anayesinzia.

Kobe tulimpata wiki ya mwisho, tunang'oa miti ya pamba ya zamani ili ichomwe. Jembe la mama liligonga kitu, akadhani jiwe. Alikuwa mkubwa kama karai la kuogea mtoto. Baba alimbeba mpaka nyumbani, wadogo zangu wakamkalia mgongoni, akawa anatembea nao bila kuonyesha kama anajua kuna watu. Baba akachoma msumari kwenye moto, akamtoboa tundu kwenye ukingo wa gamba, akapitisha kamba, akamfunga kwenye kigingi karibu na zizi. Siku hizi nasikia gamba la kobe lina uhai, linasikia. Wakati ule tulijua ni kama kucha. Sina la kutetea hapo.

Siku hiyo walikuwa wanawapiga ng'ombe chapa upya kabla ya safari, maana njiani mifugo inachanganyika. Chapa yetu ilikuwa mistari miwili na nukta chini. Nilisimama karibu na moto, nikasema, "Baba, na huyu je?"

"Huyu naye ng'ombe?"

"Ng'ombe wangu."

Baba alicheka. Nakumbuka alicheka kwa sababu alikuwa hajacheka siku nyingi. Akagusisha ncha ya chuma pale ukingoni, taratibu, mara mbili, halafu nukta. Ikatoka harufu ya kucha inayoungua. "Haya, mayu," akaniambia. Kwetu baba humwita binti yake hivyo, mayu, yaani mama. "Huyu sasa ni wa boma. Umlinde mpaka turudi."

Sasa nieleze nilivyoelewa. Kwetu mtu anaweza kumpa ndugu yake ng'ombe amtunzie, wale wakae huko miaka, yule ndugu anywe maziwa yao, lakini kila mtu anajua ni wa nani. Siku moja mwenyewe atatokea na fimbo yake, atazunguka zizini akiangalia chapa, na atachukua kilicho chake. Hakuna mwenye mifugo anayesahau mfugo wake. Mimi nilikuwa nimeona hivyo kwa macho yangu. Kwa hiyo hesabu yangu ikawa rahisi: baba ameacha mnyama mwenye chapa yake, lazima arudi kumchukua, na akija kumchukua atanikuta mimi nimeshika kamba. Kama nikiweza kumlinda mnyama mmoja asipotee, watanichukua. Akipotea, basi.

Walitoka asubuhi. Vumbi la ng'ombe lilichukua muda mrefu kushuka.

Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti kavu, aliyekuwa amerudi kutoka kwa mumewe bila mtoto. Nitasema haki: hakunipiga hata siku moja, na sikulala na njaa. Lakini hakuwa mtu wa maneno. Tulikuwa tunapalilia siku nzima, yeye mstari wake na mimi wangu, na maneno yetu yote ungeweza kuyabeba kwenye kiganja. Akisonga ugali alikuwa anabandua ukoko mzima toka kwenye sufuria, ananiwekea mimi, yeye anakula ugali. Niliona ananipa makombo. Nilikuwa nauloweka kwenye maji na kumpelekea kobe.

Nilimwita Fahali. Asubuhi kabla ya shule nilimpa maji kwenye sahani ya bati, naye alikuwa akizamisha pua na kunywa taratibu, koo linacheza. Mchana alijibanza kwenye kivuli cha minyaa. Jioni ndiyo ilikuwa saa mbaya kwangu, ile saa ambayo zamani ng'ombe walikuwa wanarudi na kelele zote za nyumbani zinakuja pamoja. Zizi lilikuwa limekaa tupu, samadi imekauka, hata harufu inapungua kila wiki. Nilikuwa nakaa chini na kuegemeza mgongo kwenye gamba la Fahali. Lilikuwa linabaki na joto la jua muda mrefu baada ya jua lenyewe kuzama. Nikawa namtajia majina ya ng'ombe wetu ili asiwasahau. Ukweli ni kwamba ni mimi niliyekuwa naanza kuwasahau.

"Fahali wako kamaliza mchicha wangu mistari miwili," shangazi akasema siku moja.

"Nitaupanda tena, shangazi."

"Na maziwa ananipa lini?"

Sikujua kama anatania. Uso wake haukusema. Sasa nadhani alikuwa anatania.

Simu shangazi alikuwa nayo, ya tochi, lakini mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya shamba. Jumapili mchana tulikuwa tunakwenda, yeye anapanda kwanza, anazungumza, halafu ananivuta mkono na mimi napanda. Sauti ya baba ilikuwa inakuja na kuondoka.

"Mayu. Shule unakwenda?"

"Nakwenda, baba."

"Shangazi unamsikia?"

"Namsikia."

"Na kobe yupo?"

"Yupo, baba. Ananenepa."

"Haya, haya. Mlinde."

Kila Jumapili aliuliza kobe. Nilikuwa nashuka kichuguu mwepesi kama mtu aliyesifiwa na mwalimu. Anauliza mfugo wake, nikawaza, anakaribia kuja. Siku hizi na mimi, mwanangu akienda likizo kwa bibi yake, nikipiga simu namuuliza kuku wake, kwa sababu baada ya shule na afya maneno yanakwisha na bado hutaki kukata.

Mvua zikarudi. Kwenye ngitili ya baba, lile eneo la majani tuliloachia ndama na ng'ombe dhaifu wakati wa kiangazi, nyasi zikaota mpaka zikanifika kifuani, na hakukuwa na hata mdomo mmoja wa kuzila. Nilimwambia baba kwenye simu kwamba majani yamejaa. Akasema, "Vizuri. Vizuri." Nikaendelea kungoja.

Mvua za mwisho zilipokuwa zinapungua, pamba imeanza kupasuka, Fahali alibadilika. Hakula. Alizunguka mpaka kamba ikajisokota kwenye kigingi, akawa anageuka na kuchimba kwa miguu ya nyuma, taratibu, mguu huu na mguu ule, udongo umelowa. Anachimba apite chini ya minyaa, nikawaza, anatoroka. Nilimsogeza, nikafukia shimo, nikaweka jiwe juu. Kesho yake akachimba pengine. Nikafukia. Siku ya tatu sikwenda shule, nilisema tumbo linauma, nikakaa naye kutwa nzima, kila akianza kuchimba namvuta kamba. Alikuwa ananiangalia na yale macho madogo yenye maji. Nilimwambia, "Tulia. Wanakuja." Nilimfupishia kamba mpaka hakuweza kugeuka.

Alfajiri nilikuta mayai. Meupe, ya duara, kama mipira ya kuchezea mezani, yametapakaa kwenye ardhi ngumu karibu na kigingi. Mengine yalikuwa yamevunjika kwa uzito wake mwenyewe, na mbwa alikuwa analamba. Nilihesabu yaliyobaki mazima nikafika matano, halafu shangazi akanikuta.

Alichuchumaa. Akaokota moja, akaligeuza.

"Kumbe jike," akasema. "Siku ngapi alikuwa anachimba?"

"Tatu."

"Na wewe ukafanyaje?"

Nikamwambia. Sikuficha chochote, nilidhani nikisema yote nitaadhibiwa na itaisha. Hakufanya kitu. Alikaa amelishika lile yai muda mrefu kuliko mtu anavyoshika yai. Halafu akachimba shimo kwa mikono yake, tukayafukia yale matano, ila hakikutoka kitu, nami niliyaangalia mwaka mzima.

Jumapili ile shangazi alizungumza juu ya kichuguu muda mrefu kuliko kawaida. Nilipopandishwa, baba hakuuliza shule.

"Mayu, shangazi yako ameniambia. Sikiliza. Mfungulie huyo kobe, aende zake."

"Nitamlinda vizuri, baba. Sitamfupishia tena."

"Hapana. Mwachie tu. Hana kazi huyo."

Sijui kama ninaweza kueleza. Baba alikuwa ananihurumia, nalijua hilo sasa. Alitaka kunipunguzia mzigo. Lakini mimi nilisikia mwenye chapa anasema hamtaki mfugo wake. Nikasema, "Ndiyo, baba," na nikashuka, na sikumfungulia. Jumapili iliyofuata aliuliza, "Umemwachia?" nikajibu, "Nimemwachia," huku kamba ikiwa kwenye kigingi. Huo ndio uongo wangu wa kwanza ninaoukumbuka. Tangu hapo hakuuliza tena kobe, na mimi ndiye niliyekuwa nimemnyima cha kuuliza. Simu zikawa fupi. Baadaye zikawa za mara moja kwa mwezi.

Shangazi alijua. Alipita kila siku karibu na kigingi na ndoo yake, na hakusema. Niliongeza kamba ikawa ndefu, nikamletea maua ya kibuyu na majani ya viazi, lakini jioni sikuegemea tena mgongoni kwake. Niliona aibu.

Kiangazi kikapita chote. Siku mawingu ya kwanza yalipojikusanya, shangazi akaleta karai, akaliweka mbele yangu.

"Tumpeleke ngitili," akasema.

"Baba akija je?"

Aliniangalia. Nadhani ndiyo siku aliyogundua nilichokuwa nangoja mwaka mzima. Akakaa kwenye jiwe la zizi.

"Baba yako kapata shamba kule," akasema. "Kajenga. Anapanda mpunga. Atakuja kutembea, lakini boma hili ni mimi na wewe."

"Na Fahali?"

"Fahali ni wa kwake mwenyewe."

Alikata kamba kwa kisu cha jikoni, akamwinua kobe kwenye karai, akajitwika kichwani. Katikati ya njia kobe akamkojolea, maji yakamtiririka shangazi usoni mpaka kifuani, naye hakuweza kumtupa. Alisimama, mikono juu, macho yamefumbwa. "Mwaka mzima nadai maziwa," akasema, "ndiyo hayo nimelipwa." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye alicheka. Sikumbuki kama tulishawahi kucheka pamoja kabla ya hapo. Na baadaye pia haikuwa mara nyingi.

Tulimweka chini ya mgunga. Alikaa ndani ya gamba, halafu kichwa kikatoka, akang'ata jani lililokuwa karibu naye. Akasogea, akang'ata lingine. Nilingoja ageuke. Nyasi zilikuwa zinatikisika pale alipopita, halafu zikatikisika mbali kidogo, halafu sikujua tena kama ni yeye au upepo. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu na karai tupu, na hakuniharakisha.

Baba alikuja mara moja, nikiwa nimeshaolewa huku Bariadi. Alikuja kwenye msiba wa shangazi. Siku ya tatu, watu wamepungua, tulikaa mimi na yeye kwenye benchi la kukodi, na nikamuuliza nililolibeba miaka yote. Nikamwambia, "Baba, mliniacha kwa sababu ya yule ndama?"

"Ndama yupi?"

Nikamweleza. Pamba, dawa, mapovu. Alijitahidi kukumbuka, niliona, lakini hakuwa na kumbukumbu hiyo.

"Hapana," akasema. "Dada alituomba mtoto mmoja. Alisema boma lote hili atakaaje peke yake. Tukamwambia achague. Akakuchagua wewe."

Halafu wanawake wakaleta chakula, na baba akaona ukoko pembeni ya sinia, akatabasamu. "Tulipigana sana kwa huu," akasema. "Dada alikuwa radhi aache nyama, ukoko umfikie yeye." Niliinuka, nikasema nakwenda kunawa.

Leo jioni mdogo wangu wa kiume amenipigia toka Katavi. Anaishi na baba, na ameniambia tangu kiangazi mzee anapotewa na maneno, siku nyingine anauliza ng'ombe waliokwisha zamani. Akampa simu. Mtandao ulikuwa safi, nimesikia hata pumzi zake.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa lugha ya kwetu.

"Mwadila, baba."

"Shule unakwenda?"

Mimi mtu mzima, nina genge la nyanya na mtoto wa la nne.

"Nakwenda, baba."

"Shangazi unamsikia?"

"Namsikia."

"Na kobe yupo?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nje kulikuwa kunapoa, mvua ya jioni imekatika, matone bado yanadondoka toka kwenye bati. Nilifikiria kumwambia ukweli, kwa sababu nilishamdanganya mara moja juu ya jambo hilihili na nikaona lilivyokwenda. Sijui kama nimefanya sawa.

"Yupo, baba," nikasema. "Ananenepa."

"Haya, haya," akasema, na sauti yake ilikuwa nyepesi. "Mlinde. Tutakuja."

Usiku huu tumekula ugali, mlenda na dagaa. Binti yangu alinyoosha mkono kwenye sufuria, kisha akaurudisha, akaniangalia. Nimeubandua ukoko mzima, haukukatika, nikamwekea yeye. Amekula nusu. Nusu nyingine kanirudishia, na nimeila yote.